Orville Kashusha Bendera ya Jirani

Shoga, Duane kamkuta jirani yake Orville juu ya ngazi, barazani kwa Orville mwenyewe, mtaa mzima unatazama.

"Unafanya nini na bendera ya chuo chetu?"

"Naishusha."

"Mlifungwa Novemba, mzee. Inakaa mpaka mtufunge."

Mpaka mtufunge, shoga!

"Tuwafunge wapi? Mmekimbilia ligi ya matajiri, hatuchezi tena. Nizeeke na bendera yenu ya zambarau mlangoni?"

Na unawajua hao. Miaka thelathini na moja, ambaye timu ya chuo chake imefungwa anatundika bendera ya mwenzake mpaka mechi ya mwaka unaofuata. Sasa mechi haipo, na Orville ndiye aliyefungwa mwisho.

 

Duane akasema taratibu, "Jumamosi tunacheza na watu wa California, huko kwenye ligi mpya. Simjui hata mmoja wa kumtania. Kila asubuhi nakuja hapa kuipigia saluti bendera, unanitukana, tunacheka. Ukiishusha, nitakuja kufanya nini?"

Orville akashuka nayo, akamtupia Duane begani.

"Utakuja kula, mjinga wewe. Mbavu za kuchoma zimeiva. Pita ndani."