Futari ya Kiwanda

Jumatatu, 3 Machi
Kazini mapema, kichwa kizito kwa kukosa chai. Nimefunga hesabu za mwaka za kiwanda. Hasara tena. Malori ya mananasi kutoka Kiwangwa yanapanga foleni hapa Kerege mpaka barabarani, juisi inatoka, sisi tuna hasara. Hakuna wizi. Tunailipa kampuni ndugu iliyo nje ya nchi, mwenye mali ni yule yule: ada ya kutumia jina, ada ya ushauri, riba ya mkopo. Ukishatoa hayo, faida haibaki, na bila faida hakuna kodi ya faida. Sheria inaruhusu. Ninayepanga hesabu ni mimi, na ninazipanga vizuri.

Alhamisi, 6 Machi
Mgahawa wa Zuhura umetiwa kufuli. Huyu ni mdogo wangu, ana mimba kubwa, na Ramadhani jioni ndiyo soko lake pale Dunda. Kachelewesha kodi. Kijana wa mamlaka ya kodi alimwomba radhi, eti ametumwa tu. Zuhura kaniuliza:
"Dada, nyie kiwandani mnafanyaje?"
"Tuna wanasheria."
Alicheka sana. Nikaona aibu.

Jumamosi, 8 Machi
Mkurugenzi kasikia habari za Zuhura. Kampa kazi ya kupika futari ya kiwanda, ile tunayowaalika watu wa mji kila mwaka, tena kamlipa sehemu kabla. Kalipa kodi, kufuli limetoka. Ndiye huyu huyu aliyegharamia matibabu ya macho ya Mama mwaka jana. Na yeye ni mwajiriwa tu kama mimi. Ningependa awe mtu mbaya. Ingenirahisishia.

Jumanne, 11 Machi
Anataka nizungumze siku ya futari kwa niaba ya kiwanda, kwa kuwa mimi mtoto wa hapa. Hotuba imeshaandikwa. Salamu, shukrani, dua. Halafu: "Kiwanda kimetimiza wajibu wake kwa mji huu." Hapo ulimi unagoma. Nikikataa nitaonekana mtovu wa shukrani. Na mshahara wangu ndio unaoendesha nyumba.

Ijumaa, 14 Machi
Nimemweleza Mama jinsi kiwanda kinavyofanya. Nilidhani hataelewa. Kaniambia marehemu Baba alifanya hayo hayo kwenye zaka. Alikuwa na duka la vitambaa. Zaka hutolewa mali ikikaa mkononi mwaka mzima, basi mwaka ukikaribia kutimia anampa Mama mtaji wote, hiba, mbele ya mashahidi. Hesabu ya mwaka inakatika. Siku chache baadaye Mama anamrudishia. Zaka hakuna, na hakuna wa kumshika.
Mwaka mmoja Mama hakurudisha.
"Nikamwambia, bwana, umenipa, nimepokea, mashahidi hawa hapa. Nikakaa nayo mpaka mwaka ukatimia mkononi mwangu, nikaitolea zaka, ndipo nikampa."
Baba alinuna mpaka Idi. Hakurudia tena.
Nimecheka mpaka machozi. Mama akaongeza kwamba Baba hakuwa mtu mbaya, ila kila alipokuwa anampa zile pesa alikuwa anatazama chini.

Jumatano, 19 Machi
Nimempeleka Zuhura hospitali. Wajawazito wawili kitanda kimoja. Muuguzi, mpole, kachoka, kamwambia siku ikifika aje na glavu zake na pamba yake. Zuhura kaitikia tu, haya, dada. Nimekasirika njia nzima na sikujua nimkasirikie nani.

Jumamosi, 22 Machi
Futari. Watu wengi, mihogo ya nazi ya Zuhura imesifiwa. Nilisimama na ile karatasi. Nikasalimu, nikashukuru, nikafika pale. Nikaikunja. Nikasema chakula hiki ni sadaka, imetolewa kwa moyo, Mungu aipokee. Kodi ni kitu kingine, na hiyo kiwanda chetu bado hakijautolea mji huu, ingawa sheria haikidai. Nikasema naomba tufike huko.
Shehe akaomba dua. Mkurugenzi alikuwa anatazama chini, kwenye tende zake.

Jumatatu, 24 Machi
Kaniita. Hakufoka. Alisema nimemweka pabaya na wakubwa zake. Hesabu za mwaka sasa atafunga mtu mwingine, mimi nahamia stoo. Mshahara umepungua. Nilipofika mlangoni akasema, "Hata mimi nimezaa watoto wangu hospitali ya hapa hapa mjini." Nimelia chooni, nikanawa uso, nikaenda stoo.

Ijumaa, 28 Machi
Zuhura kajifungua. Mtoto wa kike. Alhamdulillahi. Glavu nilinunua mimi.

Jumapili, 30 Machi
Mwezi umeandama. Mama katandika mkeka, kaleta gunia la mchele, anapima zaka ya fitri ya nyumba nzima. Pishi moja kwa kila mtu, mkubwa na mdogo. Yake. Yangu. Ya Zuhura. Kisha akachota nyingine, akaisawazisha kwa kiganja, akaimwaga kwenye kapu la masikini. Nikamuuliza hiyo ya nani.
"Ya huyu," akasema, akamwonyesha mtoto.
Hata jina bado hatujampa. Amelala, na fitri yake imeshatoka.