Jicho la Kisogoni

Jumapili, Machi. Mbinga ina manyunyu tangu asubuhi, na mimi nimenuna tangu mchana. Kesho nitakwenda intaneti kuyachapa haya, na sitapunguza neno.

Kila Jumapili baada ya misa ya kwanza tunakutana kwa kaka yangu Odilo kucheza gemu. Ni gemu ya safari: mashujaa watatu wanavuka nchi yenye mapango na mazimwi, na kila mmoja wetu anamwongoza wake. Odilo ana mpiga upanga. Binamu yetu Kanisius ana mchawi wa moto. Wangu ni binti mwenye fimbo, asiyempiga mtu. Kazi yake ni moja tu: akiwemo kundini, adui hawezi kuwavamia kwa nyuma kabla hamjajiandaa. Uwezo huo tumeuita Jicho la Kisogoni.

Ubaya wa Jicho ni kwamba likifanya kazi huoni kitu. Hakuna moto, hakuna mlio. Mnatembea salama, na wenzako wanaanza kudhani ni njia yenyewe iliyo salama.

Nikiwa mdogo nilikuwa nashinda kwenye dungu kufukuza ngedere wasile mahindi yetu. Mavuno yakifika, wanasifiwa waliolima. Mlinzi anaulizwa kwa nini hakuokota na kuni. Nilidhani nimeshazoea.

Leo wameniondoa, na jinsi walivyoniondoa ndiyo inaniuma. Sisi Wamatengo tuna sengu: wanaume wa ukoo wanakula pamoja, na hapo hapo wanapanga mambo ya familia. Kaka anaipenda sana desturi hii, hasa upande wa kula. Basi mimi niko jikoni nawasongea ugali, wao wako sebuleni wanausubiri, wakaamua binti wangu hana faida na nafasi yake aichukue mpiga upinde. Naingia na sahani, naambiwa shauri limeshapita.

"Tangu tuanze hajaua hata mmoja," Odilo akasema huku ananawa.

Nikarudi kuosha masufuria. Wakala, wakashika pedi za kuchezea, wakaingia pangoni. Wakavamiwa kwa nyuma. Wote watatu walilala chini kabla hawajachomoa silaha, na kwa kujiamini kwao hawakuwa wamesevu. Zimwi tulilohangaika nalo asubuhi yote mpaka tukaliua, sasa ni kulianza upya.

Kanisius akaniita: "Adelina, wewe si ulikuwa unajua? Mbona hukutuambia?"

Mbona hukutuambia.

Nilifuta povu mikononi, nikarudi kwenye masufuria. Jibu langu ni hili: mliniuliza saa ngapi?

Ingekuwa gemu tu, ningelala. Lakini Ijumaa alikuja mnunuzi wa kahawa na gari lake, hawa waliojaa tangu biashara iwe huria. Anaitaka kahawa ya Mama ingali mbichi mtini. Ndiyo tunayoita magoma: unapokea fedha sasa, msimu ukifika kahawa ni yake kwa bei aliyoitaka yeye. Tangu Baba afariki, Mama hana kingine anachokitegemea. Odilo ameshaanza kumchekea yule bwana. Mama anasema tusubiri sengu ya Jumapili ijayo iamue, na yeye kama mwenye kahawa ataitwa kusikiliza.

Jirani yetu aliuza magoma mwaka jana. Nilimwona amesimama mlangoni kwake, anatazama kahawa aliyoipalilia mwenyewe ikipakiwa kwenye gari la mtu. Hakuwa analia. Alikuwa anatazama tu, na mpaka leo nikipita pale natembea haraka.

Jioni hii Odilo amekuja kwa upole. Binti wangu amerudishwa kundini, nisiendelee kununa. Nimemjibu sawa, kaka, asante. Ila Jumapili ijayo nitakaa sengu, ubavuni mwa Mama, kuanzia maji ya kunawa mpaka neno la mwisho.

Ugali atasonga mpiga upinde.