Aliyefungua Wodi ya Akina Mama

Bomet, Jumamosi

Mama mpendwa,

Pokeeni salamu zangu, wewe na Baba. Kifua chako kimetulia tangu mvua ianze huko Vihiga? Na Baba, bado anakataa kutembea na mkongojo? Mimi ni mzima wa mwili. Roho ndiyo haijatulia, ndiyo maana naandika leo bila kungojea mwisho wa mwezi.

Nadhani mmesikia redioni kwamba wauguzi wa serikali tumegoma. Hii ni wiki ya tatu. Wagonjwa walichukuliwa na jamaa zao, wodi zikafungwa kwa kufuli. Huku kwenye majani chai ukungu hauondoki mpaka saa nne, na hospitali imekaa kimya hata unasikia viatu vyako mwenyewe. Tunalong'ang'ania zaidi ni muuguzi asiachwe peke yake zamu nzima. Mwaka jana Sista Rebeka, aliyenifundisha kazi, alianguka akiwa peke yake katika wodi ya akina mama. Tulimkuta asubuhi, amekwisha kufa, mwili umepoa.

Alhamisi asubuhi serikali ilimtuma afisa kutoka mkoani tuzungumze. Wenzetu walinichagua mimi na rafiki yangu Chelangat. Tulikaa katika ofisi ya matroni, inayopakana na wodi hiyo, funguo zote zikiwa mezani mbele ya afisa. Akatusomea barua: turudi kazini Jumatatu, au tufutwe na kuhama nyumba za serikali.

"Na wauguzi wawili kila zamu?" Chelangat akauliza.

"Hiyo sahauni. Serikali haina watu."

Hapo tukasikia sauti ya mwanamke ng'ambo ya ukuta. "Sista... sista..."

Afisa akashusha karatasi. "Si mlisema wodi ni tupu?"

Tukatoka sote. Mlango ulikuwa wazi, kufuli likining'inia bila kuvunjwa. Magodoro tuliyoyaacha matupu yalikuwa yametandikwa mashuka, kitanda baada ya kitanda. Kwenye kitanda cha mwisho msichana alikuwa akijifungua, mama mkwe wake amemshika mabega.

"Edina, tumegoma," Chelangat akaninong'oneza.

"Kichwa kimeshatokea," nikamwambia. Akakunja mikono ya sweta.

Mtoto alitoka na kitovu kimemzunguka shingo, rangi ya samawati, kimya. Nilimsugua mgongo mpaka mikono ikaniuma. Afisa alisimama na beseni la maji. Mtoto alipolia, yule mama mzee alitushika mikono.

"Kongoi, asanteni sana. Mumshukuru na yule mwenzenu mzee."

"Mwenzetu yupi, kogo?" nikamuuliza bibi huyo.

"Aliyetufungulia alfajiri. Sista mwenye mwanya, anaburuta mguu. Ametutandikia, akasema tungoje, wawili wako njiani."

Chelangat aliketi sakafuni. Mama, Rebeka alikuwa na mwanya, na mguu wake wa kushoto aliuburuta.

Nikamweleza afisa kwamba huyo alifia wodini humo mwaka jana. Alirudi mezani, akaandika kwa mkono wake kwamba katika hospitali hii wauguzi watakuwa wawili kila zamu, akatia sahihi. Alipoondoka hakupita tena kando ya wodi. Alizunguka nje, kwenye matope.

Jioni wenzetu walinikemea kwa kuvunja mgomo, kisha wakasoma ile karatasi yenye sahihi. Tumekubaliana turudi Jumatatu. Mimi nilimwendea askari wa lango, nikitumaini atasema ni yeye aliyefungua. Akaniambia hakufungua chochote. Aliona tu wanawake watatu wakipita kwenye ukungu kuelekea wodini.

Nisalimie Guku, mama yake Baba, umwambie blanketi lake nitamletea mwenyewe. Nisalimie shangazi Trufosa aliyenishonea yunifomu, na mdogo wangu Aggrey asome kwa bidii.

Mkikusanyika kwa maombi, mtajeni Rebeka. Mimi nikipiga magoti sijui nimwombee apumzike, au nimshukuru kwa kazi.

Binti yako,
Edina