Mgeni Halali

Jumatatu, 4 Oktoba 1954
Kaptura sita za shule leo. Mgongo unauma. Nimerudi kutoka dukani ninakoshonea, nakuta mwenye nyumba, Mzee Sichalwe, ameandika kwa chaki mlangoni kwangu: MGENI HALALI. Yaani mgeni haruhusiwi kulala humu. Mjane akipanga chumba peke yake, basi kila mtu ni mlinzi wake. Yeye mzee wa kanisa, ana jina la kutunza. Na mimi sina? Nimekula kiporo kwa hasira.

Jumanne, 5 Oktoba
Mama amefika kutoka ng'ambo ya mpaka. Mkeka kichwani, kifua kinakoroma. Zahanati wamemchoma sindano ya kwanza. Bado nne, moja kila asubuhi. Kwake ni mwendo wa saa tatu kwa mguu. Hawezi kwenda na kurudi kila siku, ataanguka njiani.

Akauliza mlangoni pameandikwa nini. Hajui kusoma. Niliona aibu. Nikamsomea maneno yaleyale ila nikageuza maana: mgeni halali, mgeni mwenye haki. Akafurahi. Akasema mwenye nyumba huyu amelelewa.

Jumatano, 6 Oktoba
Mzee Sichalwe ameniita nyuma ya jiko lake, sauti juu. Leo mama, kesho mjomba, keshokutwa mwanamume. Ama aondoke, ama nihame naye. Nimemwambia kodi nalipa ya chumba kizima, si ya nusu kitanda. Amesema nina mdomo. Kweli ninao.

Lakini naogopa. Chumba kingine Tunduma nitapata wapi mwezi huu?

Alhamisi, 7 Oktoba
Sindano ya tatu. Mama bado yupo. Nimerudi jioni komeo la mlango limeng'olewa. Nimeegemeza mlangoni cherehani yangu ya mkono. Mama akauliza kwa nini. Nikasema komeo lilikuwa bovu. Namchukia huyu mzee. Najichukia pia kwa kusema uongo hivi kwa mtu aliyenizaa.

Ijumaa, 8 Oktoba
Nimekata kaptura vibaya, miguu miwili yote ya kushoto. Akili haipo.

Mzee alishasema leo lazima vitu vyetu vitoke nje. Nimekimbia kurudi mchana. Nikamkuta uani na wazee wenzake wawili wa kanisa, wanakunywa chai. Kabla sijafika, Mama akatoka chumbani. Akapiga magoti mbele yao, akapiga makofi polepole kama tufanyavyo kwetu mbele ya mkubwa. Akamshukuru Mzee Sichalwe kwa kuandika mlangoni kwamba yeye ni mgeni halali. Akasema atamwombea.

Nilitamani ardhi inimeze.

Mzee mmoja akainuka na kikombe chake, akasogea mlangoni, akasoma kwa sauti. Mgeni halali. Akamgeukia Sichalwe: “Umefanya vema, ndugu. Wengine hufukuza.”

Sichalwe akatazama chai yake. Kisha akasema, “Karibu, mama.” Vitu havikutoka.

Jumapili, 10 Oktoba
Jana sindano ya mwisho. Leo nimemsindikiza Mama hadi mpakani. Anapumua vizuri. Tulipoagana akanishika mkono, akasema kifua ndicho kilichokuwa kinauma, masikio yake mazima. Jiko la yule mzee liko karibu na dirisha letu. Jumatano Mama alisikia yote.

Siku zote hizo alijua. Akapiga magoti akijua.

Nimelia njia nzima, sina cha kuficha humu daftarini.

Nimekuta komeo limerudishwa. Mlango umefutwa kwa kitambaa kibichi, imebaki alama nyeupe tu. Habari ya kuhama Mzee hakuitaja, nami sikuuliza.

Mkeka wa Mama uko nyuma ya mlango, umekunjwa. Mgeni huondoka na mkeka wake. Nimeufuta vumbi, nikaurudisha palepale.