Marehemu wa Gari la Kijani

Lubumbashi, Jumapili baada ya chakula

Kwako mdogo wangu Saidi,

Nakusalimu wewe na wote wanaolala chini ya bati letu huko Kindu. Mguu wa Mama unaendeleaje? Na shemeji, bado anakukataza kulehemu chumbani? Mimi ni mzima. Rudia kusoma hapo, Saidi: ni mzima. Magoti yananilalamikia kwenye ngazi, kitambi kinatangulia mlangoni, na vijana wa gareji wanacheka Kiswahili changu cha Maniema, eti nazungumza kama ninahubiri. Lakini napumua. Nimeanza na hilo kwa sababu nimesikia habari nyingine.

Ningekupigia simu, ila kwenye simu ungenichekesha, nami ningesahau nilichotaka kusema. Kwa hiyo nimempa barua hii fundi mmoja anayepanda treni ya kuja huko.

Kazi yangu ni ile ile, kunyoosha mabati ya magari yaliyogongwa. Juzi bosi alinituma nipeleke meza za chuma tulizounda kwa ajili ya maonyesho ya kazi za mikono, hapa mjini. Nikaingia na meza begani, nikihema kama ng'ombe. Mbele yangu, juu ya kitambaa cheupe, nikaona gari la kijani. Gari la mashindano la zamani, pua ndefu, halina paa, magurudumu yako nje, urefu wake kama mkono wangu. Meza iliniponyoka, ikakosa kidole changu cha mguu kidogo tu.

Nililijua kabla sijalikaribia. Unakumbuka mwaka ule wa vita, mji umezingirwa, hakuna anayethubutu kwenda shambani, treni zimelala na karakana ya reli imenyamaza? Mama alinunua karanga kiganja kimoja, zimefungwa katika ukurasa wa gazeti la kizungu, na kwenye ukurasa ule kulikuwa na picha ya gari hilo. Karanga ziliisha hapo hapo. Picha ikatulisha miezi. Tulikata mikebe ya mafuta ya msaada, tukasugua bati kwa mchanga wa mto Lualaba mpaka likang'aa, tukalipaka rangi ya kijani, magurudumu tukayachonga kutoka kwenye kandambili zangu. Pichani, kando ya gari, kulikuwa na mzungu amesimama. Hatukujua urefu wa gari, basi tukakubaliana kwamba mzungu yule ni mrefu kama wewe, tukakupima ukutani, na kutoka kwako tukapata vipimo vyote. Mama akasema, "Wenzenu banatafuta muhogo, nyie munatafuta magurudumu."

Picha ilionyesha upande wa kushoto tu. Upande wa kulia niliubuni mimi, na kwa kuwa kitu pekee nilichokijua vizuri ni treni, nikaweka kipandio na kishikio kama cha kichwa cha treni. Ulicheka mpaka ukakaa chini. "Yaya, kaka yangu, hii ni gari ya mashindano. Abiria atapandia wapi?" Nikakasirika, nikakataa kuking'oa.

Kishikio hicho hicho nilikuwa nakitazama juzi, na mkono wangu ukaenda wenyewe.

"Papa, usiguse," akasema mama msimamizi, Mama Beya wanamwita, mtu mpole. "Hiyo ni kitu ya mu wakati ya vita."

"Nani aliitengeneza?"

"Fundi moja wa Kindu, Saidi. Kaka yake ndio alimufundisha. Ule kaka alikufa."

"Alikufa na nini?"

"Na njaa, banasema."

Nikatazama tumbo langu. Hata shati lilikuwa linaona haya.

"Ulikuwa unamujua, Papa?"

"Kidogo," nikamjibu. "Alikuwa mutu wa kula sana."

Akanionyesha kishikio. Akasema umewaambia kwamba ulikiweka wewe, baada ya mazishi, kwa kumkumbuka yule marehemu. Akafuta jicho. Saidi, nilikaribia kufuta langu pia, kwa ajili ya huyo marehemu, kisha nikakumbuka ni nani.

Nimejaribu kuandika haya yote kwa mzaha kwa sababu ndivyo nilivyoumbwa. Sasa nitasema bila mzaha. Nilipoondoka Kindu, gari lile nilikuachia mikononi. Baadaye ukanipigia simu unalia, ukasema askari waliliponda kwa viatu. Mimi, ninayekula hata kwenye harusi nisizoalikwa, siku ile sikugusa chakula. Halafu nikakubembeleza. Nikakwambia usijilaumu, bati ni bati. Kumbe ulikuwa nalo hapo hapo ukinisikiliza.

Ungeniomba lile gari, ningekupa. Ungetaka jina lako peke yake, ningenung'unika siku mbili kisha ningekupa na hilo pia. Lakini umenizika. Kila Ijumaa nazungumza na Mama kwa simu, na pengine wewe ndiye unayemshikia hiyo simu. Ulikuwa unawaza nini ukisikia sauti yangu?

Sikumwambia Mama Beya mimi ni nani. Nilinyanyua meza yangu, nikaipanga, nikatoka. Nilipofika gareji nilipiga nyundo bati lililokwisha kunyooka, mpaka wakaninyang'anya nyundo.

Nisalimie Mama, wala usimwambie kwamba nilikufa, kwa sababu atakupiga kwanza ndipo aulize. Nisalimie shemeji, na shangazi yetu anayeuza mchele wa Kibombo, na mjomba wetu mwadhini, mwambie sauti yake naikosa kuliko anavyodhani.

Mama Beya ameniambia kwamba wamekualika, na kwamba utakuja kwa ufunguzi wa maonyesho. Bosi ananituma siku hiyo hiyo kukaza meza. Nitakuwa hapo, upande wa kulia wa gari, nimevaa shati safi. Usiogope, sitafungua mdomo. Lakini Mama Beya ni mtu wa kutambulisha watu. Atanishika mkono, atanileta mbele yako, atakuuliza kama unanifahamu. Jibu hilo halimo katika uwezo wangu. Nimekuachia wewe.

Mimi kaka yako wa tumbo moja,
Ramazani