Naiharibu Kompyuta Yangu Kusudi Nimwone Fundi

Kwako Mama Waruguru, naomba msaada, na kama ni kucheka cheka kwanza umalize ndio usome, maana hata mimi nikijisikia nikijieleza naona haya. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na nne, nyumbani ni Kitui lakini naishi Mashimoni hapa Kibera, nina kiduka ambapo natengeneza video za kwaya na za harusi na kuchapa programu za mazishi, vile vijitabu vya ratiba vyenye picha ya marehemu, na kazi yote hiyo naifanya na kompyuta moja ya mezani yenye prosesa, ule ubongo wake, ya kizazi cha nne, i7, ile ambayo wakati wake ilikuwa moto wa kuotea mbali, na hata leo kazi inapiga, shida yake ni joto, ukiipa video ndefu feni inalia mpaka mteja anauliza kama jirani anasaga unga.

Hiyo kompyuta niliundiwa miaka sita iliyopita na fundi anaitwa Ndungu, ana duka Kawangware kwa ploti ya mama yake. Kuna pesti nyeupe inapakwa kati ya prosesa na feni ili joto litoke, na pesti ikikauka mashine inajizima yenyewe. Mara ya kwanza ilikauka kihalali, Mama, nakuapia, nikabeba CPU, lile boksi zima, na boda mpaka Kawangware, Ndungu akaifungua, akapuliza vumbi, akapangusa pesti ya zamani na spiriti, akapaka mpya kidogo tu, na wakati wote huo alikuwa ananieleza anachofanya, pole pole, si kama mafundi wengine ambao wakiona ni mwanamke ameleta mashine wanaongea na boda aliyembeba. Alinivutia kiti. Alinipa chai. Nilirudi Mashimoni nikifurahi na sikujua nafurahia nini.

Miezi mitatu ikapita nikawa naomba ikauke tena. Haikukauka. Basi nikaisaidia.

Mama Waruguru, pesti mimi mwenyewe najua kupaka, watu wa hapa wananiletea mashine zao nazipaka na zinapona, lakini yangu nilifungua nikaipangusa yote na kitambaa, nikairudisha hivyo kavu, ikazima, nikaita boda. Mara nyingine nililegeza RAM, ile kadi ya kumbukumbu. Mara nyingine nikachomoa waya wa feni. Ndungu haulizaulizi, anasema tu, "Sasa Kasiva, leo imefanya nini?" na mimi nasema, "Imezima tu," na anatabasamu kidogo na kuchukua bisibisi, na hapo nina saa mbili zangu. Mama yake, Wangoi, akipita mlangoni anasema, "Mkamba wetu, hiyo kitu imekufa tena?" halafu anatuma sahani ya githeri, mahindi na maharagwe. Ndungu hana bibi, waliachana kabla sijamjua. Hajawahi kunigusa hata mkono, hajawahi kuniambia neno la mapenzi, lakini kuna kiti hapo nyuma ya meza yake ambacho siku moja mteja alitaka kukikalia, Ndungu akamwambia, "Hicho kina mwenyewe," na mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nikasikia, na hilo neno nimelala nalo na kuamka nalo tangu Pasaka.

Nimemtamani huyu mtu mpaka naota nikisikia ile blowa yake ya kupuliza vumbi. Nikiwa nahariri harusi ya watu nasimamisha video pale bwana anamfunua bibi harusi shela, naangalia, naendelea na kazi. Dada yangu Ndinda, anayekaa Ayany, ananiuliza kwa nini sitafuti mtu, na mimi nitamwambia nini, kwamba nina mtu lakini lazima niharibu kitu ndio nimwone?

Sasa nifike kwenye kosa lenyewe. Mwezi jana nilikuwa nimekaa wiki tisa bila kumwona, na mbinu zote nilikuwa nimezirudia mpaka naona aibu, basi Jumatano asubuhi nikainua prosesa, na kwa ncha ya sindano nikapinda pini mbili za pale inapokaa. Pini za kizazi hiki haziko kwa prosesa, ziko kwa bodi, ni nyembamba kuliko nywele na ziko zaidi ya elfu moja. Mashine haikuwaka kabisa. Nilikuwa nimeshaita boda ndio nikakumbuka kwamba ndani ya hiyo kompyuta kuna programu ya mazishi ya mama yake Muia, huyu seremala wa Kambi Muru, na picha zote alizokuwa nazo za huyo mama, na basi ya kwenda mazishini Mwingi ilikuwa inaondoka kesho yake alfajiri, na mimi nilikuwa nimeahidi nakala mia moja hamsini jioni hiyo, na kwa hofu sikuwaza hata kutoa diski niifungulie kwa mashine nyingine. Ndungu alichukua siku mbili kuzinyoosha hizo pini, na miwani ya kukuza na sindano, akitokwa na jasho. Picha zilipona zote. Lakini huyo mama alizikwa bila programu, watu walisimama kaburini hawana hata sura yake mkononi. Na Muia aliporudi alikuja dukani kwangu, nikadhani anakuja kunigombeza, akanipa mkono akasema, "Pole sana dada, mashine ni mashine." Na mimi nikaitikia hiyo pole.

Siku ya kuchukua CPU, Ndungu hakuniwashia mashine haraka kama kawaida. Alisema, "Kasiva, pini hazijipindi." Akaniambia bodi hii ikifa tena hatapata nyingine nzima, na hata ikiishi, Windows ya kumi imeshaachwa na ile ya kumi na moja haikubali prosesa iliyo chini ya kizazi cha nane, kwa hivyo hata programu za video zitaanza kunikataa moja moja. Kisha akavuta boksi chini ya meza. Ameniwekea prosesa ya kizazi cha kumi na mbili, na bodi yake na RAM yake, maana kwa ile ya zamani hakuna kinachoingia hapo. Akanieleza, na Mama, hata kunieleza prosesa kunanimaliza, akasema hii ina viini kumi na viwili ndani yake badala ya vinne, vinane vikubwa na vinne vidogo, ni kama jikoni kwenye sherehe, wako wale wa kupika na wako wale wa kuosha sahani, hakuna mpishi anaacha sufuria aende kuosha sahani, ndiyo maana haichoki, na wimbo wa kwaya ambao video yake naisubiri saa nzima utatoka kabla chai haijapoa. Akasema, "Hii haitakusumbua. Utakaa miaka mingi kabla unione tena." Akacheka, lakini kile kicheko hakikufika machoni. Akasema nimjibu kufikia Jumamosi hii, kuna mteja mwingine anaitaka.

Nililia kwa boda kutoka Kawangware mpaka Mashimoni. Kazi yangu inaihitaji hiyo mashine, ndio mkate wangu. Lakini nikiichukua nitakuwa nimejinunulia kutomwona. Nikiikataa nitabaki na hii inayokufa, na siku ikifa kabisa pia sitamwona. Naomba uniambie, niichukue au niikatae? Na tafadhali kama utaweka kwenye gazeti usibadilishe sana, yeye hununua hili gazeti kila wiki.

Kasiva, Mashimoni

MAMA WARUGURU ANAJIBU

Nimecheka kwa sababu ulinipa ruhusa, halafu nikafika kwa Muia nikaacha.

Kwanza, hilo ombi lako la mwisho. Nimebadilisha majina yote, lako, la fundi, la mama mwenye ploti, la kila mtu, na mafundi wa kompyuta Kawangware wamejaa tele. Hatajijua. Ulitaka mimi niwe mdomo wako na gazeti liwe miguu yako. Wapi! Mimi mshauri, si mshenga.

Pili, Muia. Umemtaja katikati ya mapenzi kama mtu anayepita njia, na yeye ndiye mtu pekee katika barua hii aliyepoteza kitu kisichorudi. Mama huzikwa mara moja, binti yangu. Kesho usifungue duka. Chapa zile nakala mia moja hamsini kwa karatasi nzuri, zipeleke Kambi Muru wewe mwenyewe, na umwambie kosa halikuwa la mashine, lilikuwa lako. Mambo ya Ndungu usimweleze, hayamhusu. Akikukasirikia, kasirikiwa. Pole uliyoipokea si yako, irudishe.

Sasa tuje kwa fundi. Kasiva, wewe ni mjuzi wa kazi yako, unajua pesti iliyokauka na pesti iliyopanguswa na kitambaa zinavyotofautiana. Yeye hajui? Mtu anayetengeneza mashine kila siku, anafungua CPU anakuta prosesa safi kama sahani ya wageni, na anakuuliza imefanya nini leo? Amejua tangu ile mara ya pili. Muda wote huu amekuwa akiona uongo wako na kuupaka pesti mpya. Ninyi wawili mna kichaa kimoja. Pole nakupa, kwa sababu kutamani mtu hivyo kunachosha mwili, nami najua, na sitasema zaidi. Lakini heshima uliyokuwa ukimpa iko wapi? Siku mbili anatoa jasho juu ya pini ulizopinda kwa mkono wako! Angekuwa mwingine angekufukuza.

Je, anakupenda? Sijui. Wewe pia hujui, na usijidanganye na kiti. Kuna wanaume wapole kwa kila mtu, na wapole hao ndio wanaotuvunja moyo vibaya zaidi kwa sababu hawana hatia. Inawezekana amekuwekea hiyo prosesa kwa sababu ni fundi mwaminifu anayetaka kazi yako isisimame. Inawezekana amekuwekea ili aone utasema nini ukikosa sababu ya kuja. Mtu wa kujibu ni mmoja na yuko Kawangware.

Umeniuliza uichukue au uikatae. Mashine mpya uipate, hilo halina mjadala, kizazi cha nne kimekutumikia vya kutosha na wateja wako hawakuzaliwa kuvumilia mapenzi yako. Ila usiinunue kwa Ndungu. Tafuta fundi mwingine, mahali popote, akuundie hiyo hiyo yenye wapishi na waosha sahani. Ukinunua kwake, nakujua, mara kebo imelegea, mara kioo hakionyeshi, mara RAM inahitaji kuongezwa, na utafikisha miaka arobaini umebeba CPU kwa boda.

Nasikia ukisema, nikinunua kwingine nitakuwa sina shida ya kumpelekea. Ndiyo. Hivyo ndivyo ninavyotaka.

Jumamosi nenda Kawangware mapema kabla wateja hawajajaa, uvae vizuri, na mikono yako iwe mitupu. Mwambie ile prosesa amuuzie yule mteja. Mwambie pini ulizipinda wewe, na pesti, na RAM, na waya wa feni, vyote, kabla hajakupa chai. Akikuambia usirudi, utalia, na Jumatatu utafanya kazi na kompyuta nzima, na hakuna atakayekuwa amekufa. Asipokufukuza, atakuuliza, kwa mazoea, basi leo mashine imefanya nini. Mwambie, "Mashine iko sawa. Nimekuja kukuona wewe." Halafu nyamaza, usijaze huo ukimya kwa maneno, hata ukiwa mrefu. Ni zamu yake.