Paka wa Chini ya Meza

Tarehe 3 Februari

Kaka yangu mpendwa, shikamoo.

Pokea salamu zangu na za mpwa wako Chiriku, ambaye amesimama nyuma ya kiti ananiamuru nikuandikie kwamba jino limeng'oka. Limeng'oka. Tangu asubuhi mdomo haujafungwa, pengo linapitisha upepo na maneno kwa pamoja. Sisi wazima, wasiwasi ni juu yako na hiyo baridi ya kambi yako ya kazi. Kifua vipi? Ile fulana nzito unaivaa, au umeshampa mtu?

Nisikuzungushe. Kompyuta uliyotuundia kabla hujasafiri imeanza kujizima. Si umeme kukatika, maana taa inabaki inawaka. Ninachapa vizuri, mara kioo kinakuwa cheusi, halafu inajiwasha yenyewe kama mtu aliyesinzia kwenye mkutano akashtuka. Kila nilichokuwa sijasevu kimekwenda na maji.

Ningekuwa nacheza karata humo ningecheka. Lakini mwalimu mkuu amenipa mitihani ya shule nzima niichape, kunijaribu kama naweza kazi. Na unakumbuka neno la mama mkwe tulipomaliza msiba wa baba Chiriku: shule zikifungwa anikute na kazi inayoeleweka, la sivyo mjukuu anamchukua akamlee yeye. Hakulisema kwa ubaya. Angelisema kwa ubaya ningepata pa kubishia.

Niambie nifanye nini. Shule nimeishia ya msingi, ila bisibisi naijua kichwa na mkia.

Mdogo wako.


Tarehe 11 Februari

Mdogo wangu, marahaba.

Leo nimeshuka mjini na lori la maji ndipo nikapata mtandao na barua yako. Mimi mzima, kifua tu kinanguruma kama pikipiki bovu. Mwambie Chiriku mjomba anataka picha ya hilo pengo.

Usilie. Najua umelia. Mashine haina uchawi, ina sababu, na sababu hutafutwa kwa subira. Shika neno moja: badilisha kitu kimoja tu, kisha subiri uone. Ukibadilisha viwili kwa mpigo hutajua kipi kilichoponya.

Anza na joto. Zima, chomoa waya ukutani, fungua kifuniko cha ubavuni, toa vumbi kwa brashi laini. Halafu fanya kazi kikiwa wazi. Ikitulia, basi ilikuwa inaungua. Ila ikiwa wazi mtoto asisogee kabisa, ndani mna umeme na feni haijui kidole cha nani.

Na swali: inapojizima, nani anakuwa karibu?

Kaka yako.


Tarehe 16 Februari

Shikamoo kaka. Umeamkaje, na hilo pikipiki la kifuani limeamkaje?

Awe karibu nani zaidi ya mimi na mtoto? Hakuna anayeigusa. Chiriku huwa anakaa chini ya meza miguuni kwangu na kalamu zake za rangi, anaongea na kompyuta. Anaiita Paka, kwa sababu inanguruma na ina joto. Kitufe hakigusi, nilishamfinya sikio mara moja ikatosha.

Nimefungua kama ulivyosema. Vumbi lililotoka lingejaza mto. Chiriku nimemhamishia chumba cha pili, nikaweka godoro mlangoni kama boma. Amelia, "Mama, umemvua Paka nguo, atasikia baridi!" Lakini kaka, haikujizima! Leo, jana, juzi, haikujizima! Nimechapa mitihani ya madarasa mawili bila hata kukohoa.

Basi ni joto. Nimempelekea fundi redio wa pale kona akanipa feni mpya, akanitania, "Dada, mashine yako ina homa tu, kaburi bado." Nimecheka mpaka nyumbani. Nilikuwa sijacheka siku nyingi.

Kesho naifunga. Mungu akuzidishie akili.

Mdogo wako.


Tarehe 1 Machi

Shikamoo kaka. Leo nina furaha ya kukuandikia kwa kompyuta yenyewe. Feni mpya inazunguka, kifuniko nimekirudisha, Chiriku naye leo nimemwondolea boma, amerudi mahali pake, anamwimbia Paka wimbo wa kupona. Tumefanya kazi asubuhi nzima na sasa nina


Tarehe hiyohiyo

Kaka, naendelea kwa simu, kutoka rasimu iliyosalia mtandaoni. Imejizima.


Tarehe 12 Machi

Shikamoo kaka.

Kimya chako kimezidi, nakuombea kiwe cha mtandao tu. Hata neno moja, kaka. Hata uandike "mzima".

Nimejaribu kila kitu, kimoja kimoja kama ulivyonifunza. Nimechomoa vile vijiti vya kumbukumbu nikavifuta na kuvirudisha. Nimehamisha soketi. Nimeazima waya wa umeme kwa jirani. Kila nikifungua ndani na kumfukuza mtoto, inatulia, nasema tumeshinda. Nikifunga, inaanza. Fundi redio sasa hanitanii tena. Ameniambia, "Dada, hii siielewi," na fundi akikwambia hivyo ujue maji yamefika shingoni. Nikasema basi niiache wazi, lakini chumba cha pili Chiriku alipanda dirishani akaanguka. Hakuumia sana, ila nikaapa simfungii tena.

Jana mwalimu mkuu alikuja mwenyewe kuchukua mtihani wa darasa la nne. Nilikuwa na nusu. Nusu nyingine ilikuwa imekwenda mbele ya macho yake, akiwa amesimama hapo mlangoni na kofia mkononi. Akasema, "Mama Chiriku, mimi si mtu mbaya. Lakini watoto watafanya mtihani hewani?" Karatasi zote amezipeleka kwa wachapaji wa sokoni.

Sikulaumu, mashine uliiunda kwa mapenzi. Nakuuliza tu, kaka: kuna kitu kinaweza kuharibika bila sababu?

Mdogo wako.


Tarehe 28 Machi

Kaka,

Nisamehe leo sina salamu ndefu.

Shule zimefungwa. Mama mkwe amekuja, amekunywa chai, ameuliza kazi, nami kumdanganya nimeshindwa. Hakunisema. Alifua hata nguo za mtoto, akazikunja, akaziweka kwenye begi. Ile bluu iliyokuwa bado mbichi aliitupia begani ikauke njiani.

Chiriku hakusema neno. Chiriku, kaka! Aliingia chini ya meza, akakaa kidogo, akatoka, akashika mkono wa bibi yake.

Mdogo wako.


Tarehe 6 Aprili

Shikamoo kaka. Bado nakuandikia, maana nikiacha nitakuwa nimekubali kwamba hupo.

Kompyuta haijizimi.

Kifuniko kimefungwa, feni ileile, soketi ileile. Sijagusa kitu. Naiwasha asubuhi nipate kitu kinachonguruma humu ndani, na inawaka mpaka jioni. Nilidhani inanidhihaki.

Leo nimeingia chini ya meza kuokota kalamu zake za rangi. Nikachoka, nikakaa, nikaegemea lile kasha la kompyuta lililo humo chini. Mngurumo ukakatika. Nikajitenga, ikajiwasha. Nikaegemea tena, ikajizima tena.

Nikawasha tochi ya simu nikaangalia kile kifuniko cha ubavuni. Kuna alama ya mafuta ya nywele, kaka. Iko mahali kichwa chake kinapofika akikaa. Uliuliza nani anakuwa karibu, nikakujibu hakuna anayeigusa. Nilikuwa nafikiria mikono.

Paja langu lilikuwa na karatasi za mitihani. Akatafuta paja lingine, lenye joto, na lililo karibu na miguu yangu.

Mdogo wako.


Tarehe 15 Aprili

Mdogo wangu, marahaba, na marahaba za barua zote nilizozikuta leo.

Mvua ilibeba daraja, kambi yote tulifungiwa kule tangu mwezi wa pili; leo ndipo lori limepita, nami nimefika mjini. Mimi ni mzima. Nimesoma barua zako nimesimama barabarani, na dereva wa lori ameniuliza nani amekufa.

Hujashindwa. Umekipata ambacho mafundi wangekikosa. Sikia: chomoa waya ukutani, fungua. Kuna plagi nene yenye nyaya nyingi inayoingia kwenye madabodi, ule ubao mkubwa wa ndani. Imelegea. Kifuniko kikisukumwa kinazibana zile nyaya, plagi inayumba, mashine inazima. Isukume kwa dole gumba mpaka usikie "ta!" Basi.

Halafu mpigie mama mkwe umweleze. Mwambie ukweli wote, sababu imepatikana. Yule ni mtu mwenye huruma, ataelewa.

Kaka yako.


Tarehe 17 Aprili

Shikamoo kaka.

Nashukuru Mungu kwa uzima wako. Njia sasa imefunguka, nunua dawa ya kifua kabla ya kitu kingine chochote.

Plagi imeingia. Ta, kama ulivyosema. Nimeegemea kwa bega, kwa mgongo, nimeisukuma hata kwa goti. Haizimi.

Nilimpigia mama mkwe palepale, mikono ingali na vumbi. Nilimweleza yote mbiombio kama mtoto aliyeshinda mashindano: haukuwa uvivu wangu mama, ni Chiriku alikuwa anaegemea, waya unayumba, na sasa imepona. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, kwa upole kabisa, "Kumbe ni mtoto, mwanangu. Basi si nimefanya vizuri kumchukua? Wewe tulia, ufanye kazi. Huku ana uwanja wa kucheza."

Nikasema hapana mama, sivyo, mtoto hana kosa. Lakini nilikuwa nimeshamkabidhi kisu kwenye mpini, na mwenyewe nilidhani nampa ua.

Simu ya kule ilikuwa imewekwa sauti kubwa. Nikasikia sauti ndogo, ambayo kama si pengo nisingeitambua:

"Mama, sitaegemea tena."

Nimemwambia aegemee. Nimemwambia Paka amepona, aje aegemee anavyotaka, hata alale. Sijui lipi alilisikia, maana nilipomaliza, simu ilikuwa imeshakatika.

Pale chini ya meza nimeweka mto. Alama ya nywele sijaifuta. Kompyuta inanguruma mchana kutwa bila kusita, na mimi kila saa nainua macho kwenye kioo, nikitamani kiwe cheusi.

Ulinifundisha tubadilishe kitu kimoja, kisha tusubiri. Ukishuka tena mjini, kaka, niambie sasa tunaanza na kipi.

Mdogo wako,
Mama Chiriku.